Mlei mwenye barua ya Askofu: ametumwa kufanya nini, na mpaka wake uko wapi?

Mama mmoja wa komini ya Bagira, hapa Bukavu, ameniandikia swali refu ambalo ninalifupisha. Yeye ni kiongozi wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya Kikristo, na baada ya mafunzo ya parokiani ameletewa barua ya Askofu inayomruhusu kugawa Komunyo kwa muda wa miaka 3. Dominika ya kwanza aliposimama na siborio, chombo cha kugawia Komunyo, nusu ya mstari wake ilihamia kwa padri, na mzee mmoja anayemheshimu kama baba alimwambia baadaye, bila ukali, kwamba hawezi kupokea kutoka katika mikono ambayo haikupakwa mafuta. Upande wa pili, Wakristo wa kituo kimoja cha mlimani, ambako padri hufika mara chache, wanamwomba awaongozee ibada ya Dominika, awahubirie, awabarikie maji na kuwawekea wagonjwa mikono. "Mwalimu," ananiuliza, "wengine wananiona si kitu, wengine wananiona padri mdogo. Mimi ni nani hasa, na niishie wapi?"

Mama, mzee wako wa Bagira na Wakristo wa mlimani wanaonekana kupingana, lakini wote wanaanzia kwenye wazo lile lile, kwamba wewe umewekwa mahali pa padri. Mzee analikataa wazo hilo, watu wa mlimani wanalifurahia, na wote wamekosea pale pale. Ulichopewa ni kazi moja iliyotajwa kwa maandishi, ambayo Mkristo aliyebatizwa anaweza kuifanya Kanisa linapomwomba, tena katika eneo fulani na kwa muda fulani. Isome barua yako kama mtu anavyosoma hati ya kiwanja kabla ya kuchimba msingi: nani ametia sahihi, mipaka inapita wapi, haki hiyo inakwisha lini. Sehemu kubwa ya maswali yako itapata jibu humo, na yaliyobaki nitayajibu hapa.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao inafaa tuuondoe mapema. Katika Kanisa Katoliki walei, yaani waamini wasio na daraja takatifu, wanaotumikia katika liturujia wako wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaowekwa rasmi na Askofu kwa ibada maalumu na kwa kudumu: msomaji, akoliti (msaidizi wa altareni) na, tangu hivi karibuni, katekista. Zamani kulikuwa na daraja ndogo ambazo mseminari alizipanda moja baada ya nyingine kuelekea upadri. Papa Paulo wa 6, kwa barua ya tarehe 15 Agosti 1972, aliziondoa, akabakiza huduma mbili, ya msomaji na ya akoliti, na akasema wazi kwamba hata mlei asiyekusudia upadri anaweza kukabidhiwa, ila alizibakiza kwa wanaume peke yao. Kizuizi hicho kiliondolewa na Papa Fransisko tarehe 10 Januari 2021, alipobadili kanuni ya 230 ya Sheria za Kanisa ili wanawake nao waweze kuwekwa kuwa wasomaji na maakoliti. Miezi minne baadaye, tarehe 10 Mei, akaanzisha huduma rasmi ya katekista.

Aina ya pili ni wale wanaotumwa kwa kazi fulani kwa muda kwa sababu ya uhitaji, na huko ndiko uliko wewe. Kanuni ile ile ya 230, katika aya yake ya tatu, inasema kwamba pale ambapo Kanisa lina uhitaji na wahudumu wanakosekana, walei wanaweza kutangaza Neno, kuongoza sala za liturujia, kubatiza na kugawa Komunyo, kadiri ya sheria. Wanaogawa Komunyo kwa njia hiyo huitwa wahudumu wasio wa kawaida, kwa kuwa wahudumu wa kawaida ni Askofu, padri na shemasi. Huduma hiyo ilifunguliwa kwa Kanisa zima kwa hati iliyotolewa Roma tarehe 29 Januari 1973, na tangu siku hiyo wanawake walihesabiwa ndani yake. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mama kugawa Komunyo ni jambo la juzi, ujue kwamba lina zaidi ya nusu karne, nalo ni la zamani kuliko Sheria za Kanisa tunazozitumia leo, zilizotangazwa mwaka 1983.

Sisi Wakongomani tuna sababu nyingine ya kutoshangaa. Maaskofu wa nchi hii waliamua mwaka 1961, kabla hata ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufunguliwa, kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai za waamini, na mashirika yetu ya Bukavu na Goma ni matunda ya uamuzi huo. Mwaka 1975 Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alikwenda mbali zaidi, akawakabidhi walei wenye ndoa uongozi wa parokia. Watu hao waliitwa bakambi, kila mmoja akiwa na padri wa kumsaidia kwa sakramenti. Hata Misale yetu ya majimbo ya Zaire, yaani kitabu cha Misa cha nchi hii, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, inampa mtangazaji nafasi inayoonekana: ndiye anayewaalika watu kusikiliza na kuwatambulisha wahudumu wa adhimisho. Mlei mwenye kazi ya kueleweka ndani ya liturujia ni mtu tunayemfahamu siku nyingi.

Sasa nirudi kwa mzee na hoja yake ya mafuta, ambayo mimi siidharau, kwa sababu inatokana na heshima kubwa kwa Ekaristi, na heshima hiyo afadhali ibaki hata ikiwa imeelekezwa vibaya. Muulize kwa upole kama angepokea Komunyo kutoka kwa shemasi. Bila shaka atasema ndiyo, maana shemasi ni mhudumu wa kawaida wa Komunyo na hakuna anayebisha. Lakini katika ibada ya Kiroma ya kumpa mtu daraja ya ushemasi mikono yake haipakwi krisma, yale mafuta matakatifu. Anayepakwa mikono ni padri, na Askofu hupakwa kichwani. Ikiwa shemasi anagawa bila mikono iliyopakwa, basi mafuta hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kugawa. Padri anapakwa kwa sababu anatolea sadaka na kulitakasa taifa la Mungu, kazi ambayo wewe huifanyi na hutaifanya kwa barua yoyote ya Askofu. Mkate unaouweka mkononi mwa jirani yako umekwisha kuwa Mwili wa Kristo kabla siborio haijafika kwako.

Historia nayo iko upande wako. Karibu mwaka 155 Mtakatifu Yustino aliandika kwamba mashemasi waliwapelekea Komunyo waliokosa kufika kusanyikoni, na mwaka 372 Mtakatifu Basili alimweleza mwanamke mmoja kwamba watawa wa jangwani wasio na padri, pamoja na walei wengi wa Misri, waliitunza Ekaristi nyumbani na kuipokea kwa mikono yao wenyewe. Baadaye Kanisa la magharibi liliikaza desturi, na lilikuwa na sababu zake. Mzee wako alilelewa katika ukali huo, hivyo usimhesabie kosa. Ila naye akumbuke ni nani aliyemfundisha Baba Yetu na kumtayarisha kwa ubatizo. Katika milima ya Kabare na Walungu, kwa wazazi na mababu wa watu wa umri wake, padri alikuwa mgeni wa mara chache, na mwalimu wa dini, baba mwenye mke na shamba, ndiye aliyekusanya watu Dominika hadi Dominika. Imani ilimfikia kwa mikono ya mlei.

Kuhusu wanaohama mstari, usiwasute, wala usimwombe Paroko awalazimishe. Hakuna sheria inayomfunga mwamini kwenye mstari fulani. Kinachoweza kurekebishwa ni namna ulivyoanzishwa. Mara nyingi hapa kwetu mlei anafundishwa kimya kimya, barua inafika kwa bahasha, halafu Dominika moja watu wanamwona tu mbele amevaa kanzu nyeupe. Kwa nini wasishtuke? Iko ibada fupi ya kuwatuma wahudumu hawa mbele ya waamini wote, pamoja na maswali wanayoulizwa na baraka wanayopewa. Ikiwa haikufanyika kwako, mwombe Paroko aifanye hata sasa, na kabla yake aisome barua ya Askofu mbele ya watu, aeleze ni kwa nini parokia imehitaji msaada. Maelezo hayo yatoke kinywani mwa padri, kwa sababu yakitoka kwako yataonekana kama unajitetea.

Na uhitaji huo uwe wa kweli, jambo ambalo linawahusu mapadri zaidi kuliko wewe. Agizo la Roma la tarehe 25 Machi 2004 linasema kwamba wahudumu wasio wa kawaida wasaidie pale ambapo padri na shemasi hawapo, ambapo wamezuiwa na ugonjwa, uzee au sababu nyingine ya kweli, au ambapo waamini ni wengi kiasi kwamba Misa ingerefuka kupita kiasi. Agizo hilo hilo linakataza kabisa desturi ya mapadri waliopo katika adhimisho kukaa vitini mwao huku walei wakigawa. Nimeiona desturi hiyo kwenye sikukuu kubwa, na sioni namna ya kuitetea. Siku mapadri watatu wako altareni na watu ni mia mbili, wewe kaa benchi na shirika lako bila kinyongo. Barua haikupi haki ya kugawa kila Misa.

Ndani ya Misa yenyewe mambo ni machache, lakini yanaonekana. Usiikaribie altare kabla padri hajapokea Komunyo, na usijichukulie siborio mwenyewe juu ya altare, subiri akukabidhi. Sema "Mwili wa Kristo" ukimwangalia mtu, ngoja "Amina" yake, kisha mpe mkononi au ulimini jinsi anavyotaka yeye, mahali ambapo vyote viwili vinaruhusiwa. Hostia, yaani mkate uliowekwa wakfu, ikianguka, simamisha mstari, iokote mwenyewe kwa heshima, iweke kando na kumwambia padri. Usimpe mwamini anayefuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Akina mama watakuletea watoto wachanga mstarini wakitaka uwawekee alama ya msalaba. Watabasamie na uendelee, kwa kuwa baraka ya wote inakuja mwisho wa Misa, watoto wakiwemo. Baada ya Komunyo, kusafisha siborio, patena na kalisi ni kazi ya padri, ya shemasi au ya akoliti aliyewekwa rasmi, na wewe si akoliti wa namna hiyo. Rudisha chombo altareni uende mahali pako. Nguo yako ni ile ambayo jimbo limeikubali. Jambo la hakika ni kwamba stola, ule ukanda wa padri na shemasi, haivaliwi na mlei, hata ile iliyoshonwa kwa kitenge ikaitwa skafu.

Huduma kwa wagonjwa ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha barua yako, na inasikitisha kwamba wengi wanaipenda siborio ya Dominika kuliko teka ya Ijumaa, kile kichombo kidogo cha kuwapelekea wagonjwa Komunyo. Mgonjwa wa kiharusi aliyelala chumbani kule juu ya mteremko, ambaye padri humfikia mara moja kwa miezi kadhaa, anaweza kupokea Komunyo kila wiki kwa sababu yako. Hapo masharti yanakuwa makali kidogo, na sababu yake inaeleweka. Ukiisha kukabidhiwa Hostia, nenda moja kwa moja kwa mgonjwa na uziache kando shughuli nyingine zote, hilo limeandikwa. Ukipanda pikipiki, usimwambie dereva apitie soko la Kadutu ununue sambaza kwanza. Usizungumze kwa simu njiani. Teka ikae shingoni kwa kamba yake au mfukoni karibu na kifua, wala si ndani ya mkoba pamoja na funguo na franka.

Familia iwe imearifiwa mapema ili waandae meza ndogo, kitambaa safi cheupe, mshumaa na glasi ya maji. Ibada ni fupi: salamu ya amani kwa nyumba hiyo, maneno ya kutubu, somo fupi la Injili, Baba Yetu, Komunyo, kimya, na sala ya mwisho. Mgonjwa asiyeweza kumeza vizuri mpe kipande kidogo sana na maji baadaye. Ukimkuta amelala au anatapika, usimwachie binti yake Hostia ili ampe jioni. Mhudumu asiye wa kawaida haruhusiwi kamwe kumtuma mtu mwingine agawe badala yake, hata kama ni mume, mama au mtoto wa mgonjwa; agizo la 2004 linawataja hao kwa namna hiyo. Rudisha Hostia tabernakuloni na upange siku nyingine. Mgonjwa akitaka kuungama au kupakwa mafuta, usijaribu kumtuliza kwa sala ndefu ili asisumbue. Mpigie padri siku hiyo hiyo, kwa maana Mpako wa Wagonjwa na Kitubio ni vya padri peke yake. Hali ikiwa ya kufa na padri hafikiki, unaweza kumpa mgonjwa Komunyo ya njiani, na kama hajabatizwa lakini ametaka ubatizo, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa anaweza kumbatiza kwa maji na maneno ya Utatu. Kwa jambo hilo la mwisho huhitaji barua yoyote.

Tupande sasa mlimani. Barua yako, kama ulivyonieleza, inataja kugawa Komunyo. Haitaji kuongoza ibada ya Dominika. Basi mkatekista wa kituo au Wakristo wenyewe hawawezi kukuongezea kazi hiyo, hata kama wana uhitaji wa kweli, na hata kama unajua kuifanya kuliko wao. Mwandikie Paroko. Ibada za Dominika bila padri zinaruhusiwa na Askofu, baada ya kulisikia baraza la mapadri, na Roma ilitoa mwongozo wake tarehe 2 Juni 1988. Swali la kwanza la mwongozo huo ni kama watu wanaweza kwenda kanisa la karibu kusali Misa. Kwa kituo kilichoko saa tatu za mguu, njia ikiwa imekatwa na mvua au si salama, jibu linajulikana. Lakini kama kuna Misa umbali wa dakika ishirini na watu wanapendelea tu kukaa kwao, sababu haipo. Ibada hiyo haifanyiki mahali ambapo Misa imekwisha adhimishwa au itaadhimishwa Dominika hiyo, ikiwemo ile ya Jumamosi jioni, wala hairudiwi mara mbili siku moja mahali pamoja.

Ukipewa ruhusa, kumbuka kwamba mwongozo unamwelekeza mlei anayeongoza afanye kama mmoja kati ya walio sawa. Mambo mengi yanatokana na maneno hayo. Hukalii kiti cha padri, hata kama ndicho kiti pekee kizuri katika shapeli. Ketia kiti kingine pembeni. Husemi "Bwana awe nanyi", kwa kuwa hiyo ni salamu ya mwenye daraja kwa watu. Unawaalika kumsifu Mungu pamoja nawe. Altare haitumiki isipokuwa kuwekwa juu yake Hostia zilizoletwa, kabla ya kugawa. Sala ya Ekaristi haisomwi hata kipande, na matoleo ya mkate na divai hayapo. Jambo hilo la mwisho linawaumiza watu wetu, maana kwetu maandamano ya matoleo, pamoja na ngoma na vigelegele, ndiyo kilele cha furaha ya Dominika, na akina mama wanaojua kucheza watauliza wachezee wapi. Wachezee kwenye wimbo wa shukrani baada ya Neno, ambao mwongozo umeuwekea nafasi. Mchango wa fedha waweza kukusanywa kwa utulivu, ukaandikwa daftarini na kufikishwa parokiani. Mwishoni husemi "awabariki". Unajifanyia ishara ya msalaba pamoja na wote ukisema "Bwana atubariki, atukinge na maovu yote, atufikishe kwenye uzima wa milele".

Wengi huuliza kama silabi hiyo moja, wa- au tu-, ina uzito kiasi hicho. Unao, kwa sababu watu wa mlimani hawasomi kanuni. Wanasoma kile wanachokiona na kukisikia. Wakisikia miaka miwili mfululizo mlei akiwabariki kwa mikono iliyonyoshwa, akiketi kiti cha padri na kupeleka mkate altareni, siku padri akifika wataona amekuja mtu mwingine wa kufanya yale yale, na hawatajua wamekosa nini miezi yote hiyo. Njaa ya Misa inapaswa kubaki. Ndiyo maana mwongozo unataka Hostia zinazogawiwa, kadiri inavyowezekana, ziwe zimewekwa wakfu katika Misa ya Dominika hiyo hiyo mahali pengine, na ziletwe na mtu kutoka huko, ili waamini waone kwamba wameunganishwa na altare ya kweli.

Kuhusu mahubiri, homilia, yaani mahubiri ya ndani ya Misa, ni ya padri au shemasi, na sheria haijaacha mlango kwa mlei ndani ya Misa. Nje ya Misa, mlei anaweza kupewa ruhusa ya kuhubiri kanisani kwa masharti ya Baraza la Maaskofu, lakini kwa ibada ya Dominika bila padri njia inayopendekezwa ni Paroko kuandaa homilia kwa maandishi na wewe kuisoma. Mwombe karatasi hiyo Alhamisi, maana Jumamosi atakuwa na ndoa na mazishi. Asipoituma, soma masomo polepole, acha kimya cha kutosha, na kama una ruhusa toa maelezo mafupi ya somo kutoka kitabu cha katekesi. Usijaze nafasi hiyo kwa ndoto ulizoota, wala kwa maneno ya siasa, hasa wakati huu ambapo neno moja lililotoka shapelini linaweza kumgharimu mtu mwingine usalama wake.

Maji na kuweka mikono nayajibu kwa ufupi. Maji ya baraka yaletwe parokiani, yabarikiwe na padri, yarudishwe na mkatekista, madumu hayakosekani. Kwa mgonjwa, sali pamoja naye, mshike mkono kama binadamu yeyote anavyomshika mwenziwe, muwekee Injili mbele. Lakini kumwekea mikono kichwani mbele ya umati, kumpaka mafuta yoyote yale, hata yaliyonunuliwa mahali pa hija, au kuongoza sala za kufukuza pepo, hayo usiyaguse. Katika mji wenye vyumba vya maombi kila mtaa, watu watayachanganya mara moja, na kesho utakuwa na foleni nyumbani kwako ambayo Askofu hakukutuma uihudumie.

Umeuliza pia, chini kabisa ya barua yako, kama jirani yako Mwanglikana, ambaye anaitwa msomaji na anaongoza sala na kuhubiri kwa leseni ya Askofu wake, anafanya kazi kama yako. Zinafanana kwa kuwa zote zinategemea Askofu na maandishi yake, lakini mizizi ni tofauti: huduma ya wasomaji walei wa Kianglikana ilifufuliwa Uingereza mwaka 1866 hasa kwa ajili ya sala na Neno, na leseni yao inaweza kuwaruhusu kuhubiri. Msilinganishe nani ana mamlaka zaidi.

Suala la pesa wewe hukulitaja, ila nitalitaja mimi. Huduma hii haikupi haki ya mshahara, na familia ya mgonjwa isikulipe. Watakuwekea franka mkononi kwa moyo mweupe. Rudisha kwa heshima, au uwaombe wazitoe parokiani. Nauli ni jambo lingine. Ikiwa parokia inakutuma Ijumaa zote kuvuka komini mbili, ni haki Paroko akupe ya usafiri, na hilo lizungumzwe wazi badala ya kunung'unikwa. Ninasisitiza kwa sababu nimeona wahudumu wazuri wakianza kuchagua wagonjwa wenye nyumba za matofali.

Ama cheo, huduma yako haikuweki juu ya mkatekista wala ya mwenyekiti wa baraza la parokia, na haikuruhusu kukaa mstari wa mbele kwenye karamu za arusi. Kama baada ya miaka hii utajisikia kuitwa kwa jambo la kudumu, kuna njia: unaweza kumwomba Askofu huduma rasmi ya msomaji au akoliti, kadiri ya umri na sifa zilizowekwa na Baraza la Maaskofu. Huduma ya katekista nayo iko wazi, na Roma, katika barua ya Desemba 2021 juu ya huduma hiyo, imesema kwamba kuongoza sala ya jumuiya pasipo padri na kuwasaidia wagonjwa vinaweza kuwa sehemu yake. Kwa mtu wa kituo cha mlimani, hiyo naiona inafaa kuliko barua ya muda. Lakini uamuzi ni wa Askofu, na kuomba hakuleti haki ya kupewa.

Barua yako ina tarehe ya mwisho. Siku hiyo ikipita bila kuongezwa, huduma imekwisha, hata kama hakuna aliyekuambia, hata kama wagonjwa wanakusubiri, na hata kama Paroko mpya anakwambia uendelee tu. Padri anaweza kumteua mtu kwa adhimisho moja katika dharura ya kweli, ila hawezi kuifufua barua ya Askofu kwa neno la mdomo. Ukihamia parokia nyingine kabla ya muda kuisha, usiitumie huko mpaka Paroko wa huko aipeleke jimboni ikathibitishwe. Miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, mkumbushe Paroko kwa maandishi ama aombe iongezwe ama amtayarishe mwingine, na usichukulie vibaya akichagua la pili. Siku ya mwisho mrudishie teka na kitambaa, pamoja na orodha ya wagonjwa wako mtaa kwa mtaa: nani humeza kwa shida, nani ameomba kuungama na bado anasubiri, na nyumba ipi haina mtu wa kufungua mlango asubuhi.